Udongo wa Aibu

Nyumba ya Vénant ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa wa mbao, aliujenga yeye mwenyewe. Mwingine hakuujenga mtu.

Huo wa pili ulikuwa ufa. Ulianza chini, kwenye pembe ya ukuta wa nyuma, ukapanda hadi kwenye bati. Wakati wa kiangazi ulipanuka. Kuku wa Angeline, mke wa Vénant, aliingia ndani kwa njia hiyo na vifaranga wake kumi na mmoja. Mimi ni jirani, niliwahesabu. Wengine wanasema walikuwa tisa. Hao hawakuwapo.

Mvua ilipokuja, ufa ulijifunga wenyewe. Mwaka mmoja ulijifunga kwa haraka mpaka kuku akaacha manyoya matatu ukutani.

Vénant ni mkulima wa maharage, Mrundi. Alifika Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, wakati binti yake Alida bado ananyonya. Ukuta ule aliujenga mara tatu. Ulipopasuka mara ya kwanza, alimlaumu fundi Claude. Ulipopasuka mara ya pili, alimlaumu mbuzi anayejikuna pale. Mara ya tatu jirani yao Mkongomani, Mama Ushindi, alimwambia ni mchwa. Vénant alitafuta mchwa wiki nzima. Hakumpata hata mmoja. Basi kila mara alijenga palepale, kwa udongo uleule, na kila mara alishangaa vilevile.

Asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Angeline aliziba ufa kwa tope. Mchana tope lilikauka na kuanguka. Alida alilifagia. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza sekondari, kidato cha nne, na sasa aliuza nyanya kando ya barabara. Alikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyelijibu. Kwa nini ukuta unafunguka kwenye jua na kujifunga kwenye mvua?

Jumapili moja, baada ya misa, tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa kanisa. Alida alilisoma mara mbili, akakimbia nyumbani. Chuo kimoja cha ufundi cha Mbarara kilitafuta vijana kumi. Wangefundishwa miezi mitatu kupima udongo wa ujenzi, kwenye labo, yaani maabara. Wakimbizi na wenyeji wote waliruhusiwa. Alida alisema anataka nafasi moja kati ya hizo kumi.

Hapo fujo ikaanza.

Huku kwetu neno kupima lina uzito. Watu wakija na kamba na vigingi, wanapima viwanja. Mtu anaweza kuwa na shamba pana asubuhi, na jioni likawa jembamba. Kwa hiyo Vénant aliposikia kupima, aliuliza ni nani anayelitaka shamba lake. Angeline yeye alisikia neno labo. Alikumbuka sindano ya zahanati, akasema binti yake hana damu ya kugawa. Mama Ushindi, aliyekuja kuomba chumvi, alisahau chumvi.

"Papa Alida, mi naonaka bakipima damu, bakipima na mukojo," alisema. "Lakini udongo? Udongo inagonjwaka?"

Alida alijaribu kueleza. Alisema tangazo linataja uhandisi wa udongo. Alisema kuna watu wanaosoma jambo hilo hadi chuo kikuu, na wengine wanalitafiti miaka mingi.

"Udongo una shule?" aliuliza Vénant. "Mie nimelima miaka arobaini. Haujaniomba diplome hata siku moja."

 Ukweli ni kwamba Alida naye hakuelewa sana. Alijua tu kwamba huo ulikuwa mlango wa kwanza kufunguliwa mbele yake tangu amalize shule, ukiacha ule wa kuku.

Tangazo liliomba vitu vitatu. Cheti cha sekondari. Karatasi moja ya kueleza udongo wa nyumbani kwenu. Na kilo tano za udongo huo, uliochimbwa chini ya nyumba, kina cha kiuno cha mtu mzima. Vyote vipelekwe Jumatano, na aliyeomba aje mwenyewe.

Jumanne Alida alichimba kando ya ufa. Juu alikuta udongo mweusi, kina cha kiganja. Chini yake ulikuwa mwingine, wa kijivu, wenye kunata. Ulinata kwenye jembe mpaka jembe likawa na uzito wa mtoto wa ng'ombe. Ulimvua kandambili ya kushoto, na kandambili hiyo haijaonekana hadi leo. Alida aliandika alichokiona: "Udongo wa nyumbani kwetu ni wa kijivu. Unanata kama ugali wa muhogo. Ukikauka unakuwa mgumu na kupasuka." Akajaza gunia dogo, akalifunga kwa kamba ya mgomba.

Jumatano asubuhi Alida alikwenda kuoga. Vénant alifungua gunia achungulie. Akaona mabonge ya kijivu, yenye maji, kama kitu kilichotapikwa na ziwa.

Hebu fikiri wewe ni baba. Mtoto wako anakwenda kwa watu wakubwa Mbarara. Atafungua gunia mbele yao. Watasema hao ndio watu wa Nakivale, wanaishi juu ya uchafu huu. Kwao Vénant, mtu haendi ugenini na kikapu cha maharage yaliyooza. Anachagua mazuri.

Basi Vénant alimwaga ule udongo nyuma ya choo. Haukutaka kumwagika. Alilipiga gunia chini mara tatu, akachoka. Kisha alikwenda kwenye shamba la maharage, akachota udongo mweusi ulio bora. Akautoa mawe. Akauchekecha kwa chekecheo la unga la Angeline. Akajaza gunia, akalifunga vizuri kuliko lilivyokuwa. Hakumwambia mtu.

Alisema atamsindikiza binti yake. Bado alitaka kumwona kwa macho yake huyo anayepima mashamba.

Walipanda gari, wakapita Kabingo na Masha, wakafika Mbarara kabla ya saa sita. Chuo kilikuwa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Angeline alikuwa amewaonya juu ya sindano, lakini kwenye labo ile hakukuwa na sindano. Kulikuwa na majiko ya umeme, mizani, makopo, na machekecheo mengi ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Vénant alimnong'oneza binti yake kwamba hii si labo, hili ni jiko la mtu anayepika mchanga.

Mwalimu aliitwa Yudita. Alikuwa mwanamke mrefu, Mnyankore, mwenyeji wa huko, mwenye mabuti ya mpira. Alisoma karatasi ya Alida polepole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua gunia.

Mnyoo wa ardhini, aliyeponyoka chekecheo, alitoka, akawaangalia wote, akarudi ndani.

Yudita alisoma karatasi tena. Aliangalia gunia tena.

"Karatasi nasema udongo iko ya kijivu," alisema. "Gunia nasema iko nyeusi. Nyabo, dada yangu, nani kati ya hawa wawili nadanganya?"

Alida alichanganyikiwa. Alishika udongo ule. Ulikuwa laini, umechekechwa, na ndani yake kulikuwa na vumbi la unga wa muhogo. Alisema kwamba alichimba mwenyewe, kando ya ukuta, hadi kiunoni. Alisema huu si udongo wake. 

Yudita hakupaza sauti. Alisema mwombaji anaweza kukosa mambo mengi, naye atamfundisha. Lakini jambo moja hawezi kulisamehe. Mtu akipima udongo wa mahali pengine, nyumba itajengwa kwa majibu ya uongo, na nyumba hiyo itaangukia watu. Akaiweka karatasi ya Alida pembeni, kwenye rundo la waliokataliwa.

Vénant aliliangalia lile rundo. Alivua kofia.

"Ni mie," alisema. "Ule wake ulikuwa mbaya. Niliona haya. Nikamwekea mzuri."

Vijana wawili waliokuwa wakiosha makopo walicheka. Alida alimtazama baba yake. Yudita yeye hakucheka. Aliuliza ule mbaya uko wapi. Vénant alisema uko nyuma ya choo, Nakivale.

"Mzee, mimi nataka kuamini wewe," alisema Yudita. "Lakini baba ya kila mtu anaweza kusema hivyo. Nyuma ya choo mimi siwezi kuona kutoka hapa."

Hapo Alida alikumbuka jembe, na kandambili. Aliomba gunia. Alimwaga udongo mweusi kwenye beseni, akaligeuza gunia nje ndani. Pale pembeni, kwenye mshono wa chini, palikuwa na bonge la kijivu. Vénant alikuwa amelipiga gunia mara tatu na bonge lile lilikataa kutoka. Alida alilibandua kwa kucha, akampa mwalimu.

Yudita alilichukua. Alilitia maji kidogo, akalisokota juu ya kipande cha kioo. Likawa kamba nyembamba kama mkia wa panya. Halikukatika. Alimwambia Vénant ajaribu kusokota ule mweusi. Vénant alisokota, ukavunjika vipande vipande.

"Hii yako ya maharage iko nzuri sana, lakini ya kulima," alisema Yudita. "Ndani iko na mizizi na majani nayooza. Ukiweka nyumba juu yake, inakaa chini. Sasa hii ya kijivu, ndiyo nabeba nyumba yenu. Nyabo, ukuta yenu nafunguka wakati gani?"

"Kiangazi," alisema Alida. "Mvua ikinyesha, unajifunga."

Yudita alirudi kabatini, akaleta kisanduku kirefu cha chuma. Alieleza kwamba wiki iliyopita kilijazwa udongo wa namna ileile, uliolowa, hadi ukingoni. Kisha wakaukausha. Sasa udongo ulilala katikati kama mtu mwembamba kwenye kitanda cha watu wawili. Pande zote palibaki nafasi, na kidole kinapita.

Aliwaeleza taratibu, nami nawapa kama Alida alivyonieleza. Udongo wa mfinyanzi wa namna hii hunywa maji na kuvimba. Ukikauka, husinyaa. Nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka kila mwaka, pembe moja zaidi ya nyingine. Ukuta hauwezi kucheza ngoma hiyo. Unapasuka. Si fundi, si mbuzi, si mchwa.

Vénant alitia kidole kwenye nafasi ile ya kisanduku, akakitoa, akakitia tena.

"Kwa hiyo fundi Claude hakukosea," alisema.

"Claude alikosa kitu moja. Hakuuliza udongo."

Yudita aliitoa karatasi ya Alida kwenye rundo. Alisema bonge lile halitoshi kwa vipimo. Alitaka kilo tano kamili, kabla ya Ijumaa saa sita. Wasipofika, nafasi itapewa mwingine.

Alhamisi alfajiri aliyechimba alikuwa Vénant. Alichimba hadi kiunoni, akajaza gunia. Hakutoa jiwe. Hakuchekecha. Angeline alileta kitambaa afute gunia kwa nje, Vénant akamfukuza. Ijumaa Alida alifika Nyamitanga saa nne, na saa tano jina lake liliandikwa. Alikuwa wa kumi.

Alisoma miezi mitatu. Alijifunza kuchimba, kukausha, kuchekecha na kuandika. Alijifunza kwamba hakuna barabara wala daraja linalojengwa vizuri kabla ya mtu kuuliza udongo. Alipomaliza, mtafiti mmoja wa chuo kikuu alitafuta msaidizi anayejua vijiji vya Nakivale na lugha zake. Mtafiti huyo alikuwa akichora ramani ya udongo unaovimba, ili watu wajue pa kujenga. Alida alichukuliwa kwa staji ya mwaka mmoja, yaani mafunzo kazini. Yudita amemwambia akimaliza anaweza kuomba diploma ya ujenzi, na baadaye, akiwa na nguvu, uhandisi wenyewe. Matangazo ya kozi kama hizi hubandikwa kanisani, shuleni na kwenye ofisi za vijiji. Wengi hupita wakidhani ni ya kupima mashamba. Ukiona neno usilolielewa, usiende zako. Uliza.

Ukuta ulijengwa mara ya nne. Alida alisimamia, Claude alijenga. Walichimba msingi hadi wakaupita ule wa kijivu na kufika kwenye changarawe. Walichimba mfereji wa kupeleka maji ya bati mbali na nyumba. Ule udongo mweusi Vénant aliurudisha kutoka Mbarara hadi kwenye maharage yake, na mnyoo wake, kama alirudi na gari. Viangazi viwili vimepita. Ukuta haujafunguka. Kuku wa Angeline bado anazunguka nyumba akitafuta mlango wake, na namwona akisimama pale kwenye pembe akiwaza.

Siku hizi majirani wanaotaka kujenga humletea Alida udongo kwenye makopo. Akiwa kazini, Vénant huwapokea. Juzi Mama Ushindi alileta wa kwake. Ulikuwa mweusi, safi, umechekechwa vizuri. Vénant aliutia mkononi, akaunusa, akamrudishia kopo.

"Mama Ushindi, rudi nyumbani," alisema. "Leta ule unaouonea haya."