Jina la Paluku Kwenye Mulango wa Labo

Ndugu zangu, mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mujane, ninauza maharagwe na vitunguu hapa Bunia. Nilizaliwa Butembo, vita ikatuleta huku. Haya nitakayoandika sijayasema vizuri hata kwa padri... nilikuwa ninayakata nusu. Leo ninayatoa yote. Mwenye kunicheka anicheke tu, ni haki yake.

Bwana yangu alikufa mapema. Aliniachia watoto wawili, Paluku na dada yake Masika, pamoja na nyumba moja ya matofali hapa Bunia, mutaa wa Shari. Mbele ya kukata roho aliita wakubwa wa familia, akasema: nyumba hii ni ya watoto, mama yao atailinda tu. Wote walisikia. Na mimi nilisikia kuwapita wote.

Paluku alikuwa iniversite, anasoma mambo ya maji na samaki. Alikuwa na kichwa huyo mutoto, sisemi hivi juu ni wangu. Mwaka wa mwisho alitelemuka Tchomia kuchota maji ya ziwa kwenye vichupa vyake, kwa ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo. Mutumbwi ukapinduka. Wavuvi walitafuta siku sita. Waliniletea sanduku la vichupa, vyote vizima, hata kimoja hakikupasuka... Mutoto hapana.

Weye uliyezika mutu wako, siku ya wafu unajua pa kwenda. Unang'oa majani, unapaka chokaa, unaweka maua. Mimi nilikuwa ninanunua maua, ninayatia kwenye ndoo, ninayaangalia mpaka yananyauka. Ningeyapeleka wapi? Kwetu mutu asiye na kaburi matanga yake haiishi. Na samaki wa lile ziwa nilimukataa kabisa, hata harufu yake sikuitaka.

Siku moja ya yenga, nyuma ya misa, alisimama bwana mumoja wa iniversite, sekretere mwenye kazi ya kutafuta wafadhili. Walikuwa wanajenga nyumba mupya ya sayansi. Akaeleza kwamba kila kitu ndani yake kinaweza kubeba jina la mutu aliyetoa: jengo zima, labo, ni kusema chumba cha kupimia vitu, meza, hata kiti. Nikamufuata inje, nikamuuliza kama jina la marehemu linakubaliwa. Akasema, "Mama, hao njo wanafaa zaidi."

Aliangalia viatu vyangu, akanishauri kiti. Kiti! Nikamuuliza: mutoto yangu akaliwe na watu wasiomujua? Akashusha sauti, akasema basi meza. Na meza nikakataa. Ni kiburi, ndugu zangu, nisiipe jina lingine. Nilitaka mulango wa labo. Nilitaka kila anayeingia asome jina la mutoto yangu mbele ya kugusa kitasa. Na kitu cha kutosha mulango nilikuwa nacho kimoja tu.

Nilitoa nyumba.

Masika alikuwa mwaka wa pili kwenye shule ya wauguzi, Kifaransa anasoma kama anakunywa maji. Mimi changu ni cha sokoni. Karatasi zilipokuja, kurasa ine za Kifaransa, nilipaswa kumupatia asome. Nilizificha chini ya gunia la maharagwe. Kwa nini? Juu nilijua atakataa, na wakubwa wa familia watasimama naye. Musiseme nilidanganywa... Mutu anayeficha karatasi anajua anachofanya. Niliweka sahihi yangu peke yangu, kwenye meza ya yule sekretere.

Masika nikamuambia tutahama kidogo, nyumba itatengenezwa. Iniversite ikaiuza. Siku wenye kuinunua walipokuja, yeye alikuwa kwenye staji, anajifunza kazi kwa kituo cha afya. Alirudi na bluzi yake nyeupe, akakuta godoro lake inje, madaftari yake yamepangwa juu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, papa alisema nini?"

Nikamujibu kwamba ndugu yake hana kaburi.

"Na mimi sasa sina nyumba," akasema.

Nikamuita mutoto mubaya, mwenye kumuonea marehemu wivu. Majirani walikuwa pale, wakasikia. Ile neno, ndugu zangu, nimeitafuta niirudishe, sijaipata mpaka leo.

Wakubwa wa familia waliposikia, nyumba ilikuwa imekwisha kwenda. Tulipanga chumba kimoja. Kodi na shule havikuweza kwenda pamoja, shule ikasimama. Nyuma ya miezi mitatu Masika alifunga godoro, akapanda kamyo ya Tchomia, akaenda kukausha samaki kwa mama mumoja wa kule. Tchomia, kwenye maji yaliyomumeza ndugu yake! Nikasema ananifanyia makusudi.

Ile juma walifungua labo. Kwaya iliimba, mimi nilivaa kikwembe kipya, nikavuta kitambaa kilichofunika plake, kile kibao cha jina, wakanipigia makofi. Laboratoire Paluku. Nililia mpaka wakanishikilia. Masika hakuwako. Sikumuita pia, nilijiambia njia ni ndefu.

Toka pale kila siku ya posho, ile ya mbele ya yenga, nilikuwa ninaenda na kitambaa na kopo ya maji, ninapanguza plake. Siku ya wafu niliweka maua chini ya mulango, sasa nilikuwa na pa kuyapeleka. Wanafunzi walinizoea, wakaniita Mama Labo. Nilifurahi sana na ile jina, nikalitembeza mpaka sokoni. Watu waliotoka Tchomia waliniletea salamu za Masika, kwamba moshi unamuharibia macho. Nilijibu nitaenda, posho inayokuja. Posho ikija nilikuwa kwenye mulango.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha posho moja nikakuta rangi mbichi, na plake ingine, kubwa, ya kung'aa. Ilikuwa na jina la tajiri mumoja wa dhahabu aliyeleta mashini ya umeme na vyombo vya labo. Sekretere hakunifukuza, alinipokea vizuri, akaninywesha soda. Akafungua dosye kwenye ukurasa wa tatu, akanitafsiria: jina litakaa mpaka atokee mufadhili wa zawadi kubwa zaidi. Chini yake sahihi yangu. Masika angeusoma ule mustari mbele chai haijapoa.

Plake ya Paluku ilikuwa kwenye depo, katikati ya viti vilivyovunjika. Wakanitilia kwenye mufuko wa simenti. Kesho yake nikapanda gari la Tchomia, nimeipakata kwenye magoti.

Nilimukuta Masika kwenye tanuru, anageuza samaki. Mikono ina makovu ya moto, macho mekundu kama ya bibi kizee, na hajafika miaka makumi mbili na tano. Nikatoa plake, nikaanza kulia, nikamusimulia vile walivyonifanya. Alipanguza vidole, akaisoma polepole, akanirudishia.

"Karibu, Mama Labo," akasema.

Kumbe jina lilikuwa limefika mpaka kule.

Akanipeleka kando ya maji, pale wavuvi walipovuta ule mutumbwi. Kulikuwa na jiwe moja, na maua juu yake, mengine makavu, mengine ya juzi. Akaniambia kila yenga nyuma ya misa anapita kumusalimia ndugu yake.

"Paluku iko hapa," akasema. "Miaka miwili ulikuwa unapanguza mulango. Kwake hukufika. Na kwangu hukufika. Siye wote wawili tulikuwa hapa."

Hakupaaza sauti. Alisema, kisha akarudi kwenye tanuru juu samaki walikuwa wanaungua. Mimi nilibaki kwenye muchanga na mufuko wangu wa simenti mpaka gari likapiga honi.

Plake iko chini ya kitanda changu, imeanza kushika kutu. Sasa kila mwezi ninatelemuka Tchomia. Masika ananipatia kiti, ananipatia chai, heshima hapunguzi. Ananiwekea samaki pia, na ninamula, juu ni mikono yake iliyomukausha. Nikimugusia shule ya wauguzi, kwamba ninajikaza arudi, anasema tutaona.

Weye mama uliyepoteza mutoto, umulilie, siwezi kukukataza. Umuombee misa, panda hata muti. Lakini ninakusihi, usimutoe aliye hai inje ili umutafutie marehemu mahali. Na karatasi unayoogopa mutoto wako aisome, usiweke sahihi.

Mpaka leo Masika ananiita Mama Labo. Ninangojea siku ataniita Mama tu... na sijui kama itafika.