Mkono Uliobaki Begani

Jumanne ile manyunyu yalianza asubuhi, kama kawaida ya Tukuyu. Atupele alikaa dirishani kwake, mtaa wa Msasani palepale mjini, kikombe cha chai pembeni, akifanya kazi isiyomlipa hata senti. Alikuwa mmoja wa watu waliojitolea, kutoka nchi mbalimbali, kutunza programu huria ya kuhariri picha. Yeyote aliruhusiwa kuichukua bure, na mwenye ujuzi aliruhusiwa kuifungua ndani na kuitengeneza.

Kati yao wote, Atupele ndiye aliyesifika kwa usafi. Kanuni waliyoifuata aliiandika yeye: mstari wa programu usiojulikana kazi yake, unafutwa. Aliyeleta kazi chafu alimsema mbele ya watu mpaka anaona aibu kurudi. Alijiona kweli, tusifichane.

Saa nne alipanda Lutufyo, mpiga picha wa ghorofa ya chini. Lutufyo alikula kwa picha za misiba. Huku kwetu watu wengi wanakufa bila kuwahi kupiga picha peke yao, kwa hiyo kwa programu hiyo hiyo anawachomoa kwenye picha za harusi na kipaimara, anawafuta majirani, anabaki marehemu tu.

"Dada Atu, ule mkono bado unabaki," alisema. "Jana wafiwa wamenirudishia picha. Marehemu yuko mwenyewe, begani ana vidole vinne vya mtu."

"Ni hitilafu tu. Usiniletee uoga."

Hakuchukua muda kuipata. Ilikuwa mistari saba, imeandikwa na Geresoni wa Lupepo, mjitoleaji wa zamani ambaye siku moja aliacha tu kuandika na hakuna aliyemuulizia. Juu yake aliacha maelezo: *Mkono huu unamshikilia aliyelala. Ukiufuta, mwenye mkono ataufuata.*

Atupele alicheka mpaka chai ikamwagika. "Watu wa Lupepo wameleta uchawi mpaka kwenye kompyuta!" Akaifuta yote saba.

Sasa alihitaji picha ya kujaribia. Akachukua iliyokuwa karibu: marehemu baba yake ameketi ndani ya koti la kuazima, na nyuma yake mama, Esnath, amesimama, mkono wa kulia begani kwa mumewe. Akabonyeza. Mama akatoka, na mkono wake ukatoka. Koti likabaki safi.

Kisha akafanya anachofanya kila fundi makini. Aliiweka picha ile kwenye majaribio ya kudumu ya programu. Maana yake, popote duniani mtu atakapobadilisha hata mstari mmoja, kompyuta zitaufuta mkono ule upya, kuhakikisha haubaki. Jaribio likipita salama, kengele ndogo inalia na tiki ya kijani inatokea.

Saa tisa mama alirudi kutoka shamba la chai akiwa na kikapu kitupu.

"Kimeniponyoka, mwanangu. Mkono umelala."

Jumatano mama aliinjika ndizi. Zilipoiva alishika sufuria kwa mkono mtupu, akaiepua, akaendelea kusimulia habari za kwaya. Nyama ya kiganja ilikuwa inanuka. Aliyepiga kelele ni Atupele.

Hospitali waliona jeraha la moto tu. Alhamisi ganzi ilifika kwenye kiwiko. Ijumaa ikafika begani.

Mama alilala kitandani, karibu na meza ya kazi. Kengele ikalia kwenye laptop. Mama akabanwa na pumzi. Ikalia tena. "Yesu wangu," mama akasema. Atupele akatazama kioo cha laptop. Mtu wa Brazili alikuwa amebadilisha rangi ya kitufe. Kengele ikalia. Mama akajikunja.

Hapo ndipo alipoelewa: kila kengele, mkono wa mama umefutwa tena.

Akairudisha mistari saba. Wenzake wakaikataa: haina kazi inayojulikana. Mmoja wao akambandikia kanuni yake mwenyewe, neno kwa neno. Akaandika, "Tafadhali. Inamuua mama yangu." Wakamjibu kwa vikatuni vya kucheka.

Akaiondoa picha kwenye majaribio kwa nguvu, kwa mamlaka aliyokuwa nayo. Lakini mamia ya watu walikwisha kuipakua, na kila mmoja aliendelea kujaribu kwenye mashine yake. Kengele ya Atupele ilinyamaza. Mama hakunyamaza.

"Atu," alinong'ona. "Kuna mtu ananifuta."

"Wapi, mama?"

"Yuko kifuani."

Alifariki Jumapili, watu wakiwa bado kanisani.

Siku ya mazishi Lutufyo alileta picha kubwa ndani ya fremu, ya kutangulia mbele ya jeneza. Mama alikuwa anatabasamu, peke yake. Alikuwa amemchomoa kwenye picha ya mahafali, ile ambamo Atupele alimkumbatia mama yake.

"Pole sana, dada," alisema kwa upole. "Nimetumia programu ile uliyoirekebisha. Imetoka safi. Mkono wako ulikuwa hapa begani, mpaka lile kovu lako la gumba lilionekana. Sasa hakuna kitu."

Atupele aliitazama picha. Waliokuwa karibu wanasema kikombe cha uji kilimwangukia miguuni, uji wa moto, naye akawa anautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine.

Mashine ilikwisha kuufuta mkono ule vizuri. Lakini Lutufyo hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Aliifungua picha ile ya mahafali mara nyingi wiki hiyo, akiipunguza, akiikuza, akilisafisha bega upya kwa ajili ya ndugu walioomba nakala.

Atupele alizikwa kwenye migomba, pembeni ya mama yake, hata arobaini ya mama haijafika.

Programu ipo mpaka leo, na ile picha ya baba bado imo kwenye mashine za watu. Mwezi uliopita jaribio lake lilishindwa kwa mara ya kwanza. Mjitoleaji mmoja wa ng'ambo aliandika malalamiko na kuambatisha picha. Baba ameketi peke yake ndani ya koti la kuazima, na begani kwake kuna mkono. Si wa mama. Ni wa mwanamke kijana, na una kovu kwenye gumba.

Wameshajaribu kila njia kuuondoa. Leo asubuhi mtu mmoja ameandika kwamba amepata njia.