Ukuta wa Nyuma Ulinipa Habari

"Imba tena, Keji! Hapa nyuma nakusikia mpaka pumzi!"

Alionzi alikuwa amesimama safu ya mwisho, kofia ya ujenzi kichwani, anacheka. Jumba lake la opera, la kwanza hapa Arua, lingefunguliwa Jumamosi. Aliyelichora ni yeye, aliyesimamia ujenzi ni yeye, na aliyechaguliwa kuimba bila maikrofoni ni mimi, binti wa Koboko. Baada ya ufunguzi angekuja kwetu kujitambulisha kama mchumba wangu. Jamani, usingizi ulikuwa umenikimbia kwa furaha!

Tatizo lilikuwa ule ukuta wa nyuma. Wafadhili walitaka uzunguke kama ghala la mtama. Alionzi alikataa, wakamshinda. Sasa mtu akinong'ona safu ya mwisho, aliye jukwaani anasikia kila neno. Mbao za kuufunika zilikuwa bado njiani.

Simu yake ikaita. Alikuwa baba yake mdogo, askari mstaafu, ambaye huongea naye Kiswahili tu. Alionzi akanigeuzia mgongo, akashusha sauti. Na yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza habari za ukuta ule!

"Ndiyo, baba mdogo... Najua ukoo umekaa. Sikatai. Driciru ni mke wa marehemu kaka Adrabo, watoto ni damu yetu. Nitamchukua awe mke wangu... Keji? Hajui. Acha aimbe kwanza, halafu nitamwambia."

Nikakaa pale pale jukwaani.

"Alionzi," nikasema polepole, "nimesikia."

Akautazama ukuta, akanitazama mimi, akaja mbio.

"Haki ya Mungu, Keji, sikutaka ujue hivi!"

"Ulitaka niimbe kwanza."

"Niliogopa! Mama iko nalia kila siku, wazee wamemaliza maneno. Nifanye nini? Sema nikatae, nitakataa leo hii!"

Nilifungua mdomo. "Kataa" ilikuwa kwenye ulimi. Lakini mimi nilikuwa mchanga baba alipofariki, na mdogo wake ndiye aliyemchukua mama. Ndiye aliyenilisha, ndiye aliyenisomesha. Ili amchukue mama, alimwacha mchumba wake kule Yei. Nyumbani kwetu hakuna anayemtaja msichana huyo hata siku moja.

"Mtoto ya mwisho ya Driciru iko natembea?" nikauliza.

"Bado. Iko nanyonya."

"Basi siwezi kusema, Alionzi. Siwezi!"

Tukalia wote wawili, tumeshikana mikono.

Jumamosi asubuhi akanitumia ujumbe: "Usipokuja nitaelewa."

Nikajibu: "Nakuja. Jumba hili ulilijenga kwa ajili ya sauti yangu."

Mbao hazikufika. Watu walijaa, na Driciru akapata kiti safu ya mwisho, mwenye nguo nyeusi, mtoto mapajani. Nilitaka kumchukia, nakwambia! Nilitaka kwa roho yangu yote!

Nikamaliza wimbo wa kwanza. Makofi yakatulia. Hapo sauti ya mwanamke ikanifikia jukwaani, ndogo, lakini kila neno lilisikika.

"Adrabo, nisamehe. Mimi pia sina nguvu ya kuwakatalia wazee."

Alikuwa amemwinamia mtoto, hajui kama kuna mtu anamsikia. Alionzi alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. Mpiga kinanda akaniangalia kuona kama niko tayari.

Nikaitikia kwa kichwa, nikaanza wimbo wa pili.