Faili Lililofichwa Vizuri Mno

Kizuizi hakikushuka.

Scania nyeupe ilipita geti la kwanza kama gari la bwana harusi. Kamera ilikuwa imesoma namba yake. Seva ilikuwa imeipokea. Kisha hakuna kilichotokea.

Sindano, mpelelezi wa Idara, aliduwaa juu ya pikipiki yake ya Yamaha kando ya barabara. Lori lile lilibeba mitungi ya gesi iliyoshindiliwa baruti. Usukani ulikuwa mikononi mwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyejipenyeza kwa wafanyamagendo kama dereva. Sindano ndiye aliyembembeleza aifanye kazi hiyo. Kando ya dereva aliketi Kidole, mkubwa wa magendo, bastola mapajani. Na dereva wa Kidole akishafikisha mzigo, harudi kwao hai.

Redio ilikoroma. Alikuwa Mkuu.

"Sindano, umeona?"

"Nimeona. Nalifuata. Ova."

Yamaha ilinguruma.

"Tuna msaliti," alisema Mkuu. "Fundi wa seva nimeshamnyang'anya simu. Askari wamemsimamia."

Fundi alikuwa dada mmoja mpole. Asubuhi ile, kabla ya kuiwasha programu ya mageti, alimuuliza, "Kaka, faili la mipangilio umeliweka mahali pake?"

Naye alimjibu kwa kiburi, "Dada, mimi si mtoto."

"Mkuu, nipe huyo fundi."

"Wa nini tena huyo msaliti?"

"Nipe, mzee wangu. Tafadhali."

Sauti ya fundi ilitetemeka. "Kaka, sijafanya kitu. Haki ya Mungu."

"Najua. Programu imesoma faili lipi?"

Vibonye vililia.

"Haijasoma lolote. Imekuta folda yake tupu, ikanyamaza, ikafuata mipangilio iliyozaliwa nayo. Hiyo inasema kila gari lipite. Faili lako nimelitafuta seva nzima, silioni."

Sindano alijua liko wapi.

Faili lile ndilo lililoiambia seva ni lori gani lizuiwe. Alipopewa alipachike, mkono wake ulifanya ulichozoea kufanya miaka yote ya ujasusi. Ulificha. Alilitumbukiza kwenye folda yake ya siri, akaifunga kwa nywila, akaondoka akipiga mluzi. Adui asilione. Programu nayo haikuliona.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kifo chenyewe kilikuwa kinamfuata mtoto wa watu.

Alinyamaza. Redio ile ilisikika Idara nzima, na jina lake pale halikuwahi kuguswa na doa. Lori lilipita kituo cha mafuta, naye kimya. Likapita shule, naye kimya. Alijichukia. Mkewe alimwambia mlangoni, "Mdogo wangu nakukabidhi wewe," na yeye huku anapima heshima yake kwa roho ya mtu! Na dada wa watu amesimamiwa na bunduki.

Mbele lilionekana geti la pili, la darajani. Seva ileile ndiyo iliyoliongoza.

"Wote mnisikie," alisema. "Msaliti hayupo. Faili nimelificha mimi, kwenye folda yangu ya siri. Mwachieni huyo dada. Fundi, nywila ni jina la mke wangu na mwaka tuliooana."

"Sasa kaka, wifi yangu nimjulie wapi?" aliuliza fundi. "Anaitwa nani?"

Alilitaja jina, na mwaka. Siri yake ya mwisho ilienda hewani.

"Nimeingia. Faili hili hapa! Nalihamishia kwenye folda ya programu. Naizima. Naiwasha."

Lori lilikaribia daraja.

"Fanya haraka, dada."

"Imelisoma!"

Kizuizi kilishuka mbele ya pua ya Scania. Shemeji alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kidole hakuwa amefunga mkanda, akakibusu kioo kwa paji la uso. Alipoinua kichwa, mlango ulikuwa wazi na Glock ya Sindano iko sikioni mwake.

"Shuka polepole, bosi. Umefika."

Bastola ya Kidole ilianguka chini. Askari wa darajani wakamzoa.

Shemeji alishuka, akamkumbatia Sindano. "Nilijua hutaniacha, shemeji."

Maneno yale yalimchoma.

"Nilikuacha. Geti la kwanza lilikuwa kosa langu, mtu mwingine hahusiki."

Kijana alirudi nyuma hatua moja, akamtazama. "Dada utamwambia mwenyewe."

"Nitamwambia."

Redio ilikoroma tena. "Kaka, nimebadilisha programu," alisema fundi. "Siku nyingine isipokuta faili lake, itagoma kuwaka na itapiga kelele ofisi nzima."

"Umeijaribu?"

"Bado. Nakungoja uje ulifiche tena."

Alistahili kejeli ile, na zaidi ya hiyo. "Nakuja, dada. Nina la kukuambia uso kwa uso."

Gari la Mkuu lilisimama kando yake, mlango ukafunguliwa. Sindano alikataa kwa kichwa. Alimrushia shemeji ufunguo wa Yamaha, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akashika njia kwa miguu, simu sikioni.

Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Mke wangu," alisema bila kupunguza mwendo, "mdogo wako mzima. Sasa nisikilize, na usikate."