Kulia ni Gia, Kushoto ni Breki

Haya, sogeeni. Nyoosheni miguu, tutaihitaji.

Aikande anaishi Marangu, katikati ya migomba. Anaishi na Babu, Bibi, na tukutuku.

Tukutuku ni pikipiki. Lakini si pikipiki hivi hivi tu, jamani! Lilitoka Uingereza kwa meli, zamani sana, baba yake Aikande akiwa bado hajazaliwa.

Tangi lake ni jekundu. Taa yake ni ya mviringo. Ubavuni lina kigari kidogo cha kukalia abiria.

Kila siku Aikande hulifuta kwa kitambaa. Hufuta, hufuta, hufuta, mpaka aone meno yake kwenye tangi.

Chini yake kuna kopo. Oili hudondokea humo. To... to... to...

"Linavuja," husema majirani.

"Linapumua," husema Babu.

Asubuhi, Babu hubonyeza kidude kidogo ili petroli ishuke. Aikande huliamkia, "Shikamoo, tukutuku!" Babu hupiga kiki.

Nalo huitikia.

Tuku! Tuku! Tuku-tuku-tuku!

Leo Shangazi Manka anaolewa. Bibi alipoolewa, alikwenda kanisani kwa tukutuku. Mama yake Aikande naye alikwenda kwa tukutuku. Leo ni zamu ya Shangazi Manka!

Lakini Babu ameteguka mguu. Hawezi kupiga kiki. Yeye na Bibi wanatangulia kwa gari.

"Baba yako mdogo ataendesha," Babu anamwambia Aikande. "Mimi nitakaa mlangoni pa kanisa, nitege masikio. Nikilisikia, nitajua binti yangu anakuja."

"Utalisikia, Babu," anasema Aikande.

Baba mdogo Aminieli ni dereva wa bodaboda. Kila siku yuko barabarani. Wiii! Wiii!

"Hili kongwe?" anasema. "Mbona kazi ndogo!"

Anapiga kiki. Kha!

Anapiga tena. Kha! Kha! Kimya.

"Baba mdogo, hujabonyeza kidude," anasema Aikande. "Na hujaliamkia."

"Mimi? Niamkie chuma?"

"Limekuzidi umri."

Aminieli anakuna kichwa. Anabonyeza kidude. Anatazama huku na huku, asije akasikika. "Haya. Shikamoo."

Anapiga kiki.

Tuku! Tuku! Tuku-tuku-tuku!

"Si nilisema?" Aminieli anacheka. Anaondoka, anazunguka uani. Anakanyaga breki kwa mguu wa kulia.

Wapi! Tukutuku halisimami. Linakwenda, linakwenda...

Puuu! Migombani.

Aminieli anatoka na jani la mgomba kichwani. "Halina breki hili!"

Shangazi Manka yuko mlangoni. Gauni lake ni jeupe pee. "Mimi siingii humo," anasema. "Iteni teksi."

Aikande anahisi machozi yanakuja. Babu amekaa mlangoni pa kanisa. Babu ametega masikio. Na teksi hailii tuku-tuku-tuku.

Aikande anafikiri. Kila siku hukaa kwenye kile kigari. Kila siku huviona viatu vya Babu. Kiatu cha kulia hufanya hivi. Kiatu cha kushoto hufanya hivi.

"Breki ipo!" anapiga kelele. "Baba mdogo, umekanyaga gia! Bodaboda yako, breki ni kulia. Tukutuku ni kinyume!"

Kisha anaimba:

"Kulia ni gia, kushoto ni breki!"

Haya, na miguu yenu pia!

"Kulia ni gia, kushoto ni breki!"

Aminieli anajaribu. Anazunguka uani. Anakosea, anacheka, anajaribu tena. Aikande anaimba, na mbuzi anakimbia.

"Kushoto!" anaita Aikande.

Kyaa! Tukutuku linasimama. Limesimama mbele ya viatu vya bibi harusi.

Shangazi Manka anaangua kicheko. "Haya, napanda. Lakini mwalimu wangu nampakata!"

Wanaondoka.

Tuku! Tuku! Tuku-tuku-tuku!

Watu wanatoka majumbani. Akina mama wanapiga vigelegele. Madereva wa bodaboda wanaegesha kando ya njia, wanashika vichwa.

"Mama yangu! Chuma hicho!"

Shela inapepea. Aikande amekaa wima kabisa. Leo hata akiitwa malkia, ataitika.

Kule kanisani, Babu amekaa mlangoni. Watu wanaongea. Babu ametega masikio.

Mara anashika fimbo yake. Anasimama.

"Nyamazeni! Mnasikia?"

Tuku... tuku... tuku-tuku-tuku!

"Ni lile letu!" anasema Babu. "Binti yangu anakuja!"

"Kushoto!" anaita Aikande.

Kyaa! Tukutuku linasimama mbele ya Babu.

Babu anafuta macho. Hafichi. "Aminieli, nani amekufundisha?"

"Mwalimu huyu hapa," anasema Aminieli.

Babu anamwinua Aikande juu, hata na ule mguu ulioteguka. "Mnamwona huyu?" anawaambia watu wote. "Mjukuu wangu huyu! Wangu mimi!"

Jioni, sherehe imekwisha. Aminieli anachukua bodaboda yake aende kwake. Wiii! Anafika kwenye kona ya uani. Anakanyaga breki kwa mguu wa kushoto.

Puuu! Migombani tena.

"Baba mdogo!" anaita Aikande. "Hiyo ni bodaboda!"

Sasa giza limeingia. Aikande analifuta tukutuku. Anaweka kopo lake chini. To... to... to...

"Linavuja," anasema Bibi.

"Linapumua," anasema Aikande. "Limechoka. Limeleta bibi harusi."

Aikande anapanda kitandani. Miguu yake bado inacheza ndani ya blanketi. Kulia ni gia...

Kushoto...

Na wewe pia, mtoto. Mguu wa kushoto, taratibu.

Kyaa.

Tumefika. Lala.