Mwadime Analia Bila Machozi

Ilikuwa Jumatano, saa nne na nusu asubuhi. Jua la Mwatate lilikuwa kali. Upepo haukuwapo, wala wingu.

Saru, msichana wa miaka sita, aliketi mkekani. Alikuwa akimpepea mdogo wake kwa kipande cha boksi. Pepe, pepe, pepe.

Mdogo wake aliitwa Mwadime. Alikuwa na mwaka mmoja na meno manne. Tangu jana, Mwadime alikuwa akiharisha. Purrr! Na tena, purrr!

Mama alikuwa safarini. Bibi ndiye aliyewatunza. Bibi alikichukua kikombe cha Mwadime, akakiweka juu kabisa ya kabati.

"Tumbo likiharisha halipewi maji," alisema Bibi. "Likipewa, litaharisha zaidi. Ndivyo nilivyolelewa mimi, na ndivyo nilivyomlea mama yako."

Mwadime akalia. Ngaa! Ngaa! Saru akashika pembe ya leso ili amfute machozi. Akafuta shavu la kulia. Akafuta shavu la kushoto. Kisha akaitazama leso.

Leso ilikuwa kavu.

Lo! Saru akashtuka. "Bibi! Mwadime analia bila machozi!"

Bibi alikuwa akichambua mchicha. Alikuwa mtu wa utani: yeye humwita Saru mke mwenza, na Mwadime humwita mume.

"Mke mwenzangu, acha vituko," alisema Bibi. "Mume wetu huyo ana hila. Anataka kubebwa tu."

"Si hila, Bibi! Njoo uone!"

Bibi akaja. Akagusa jicho: kavu. Akagusa shavu: kavu. Akachungulia mdomoni. Ulimi nao ulikuwa mkavu.

"Na leo hajakojoa," alisema Saru. "Hata tone moja."

Bibi akaduwaa. Mchicha ukamponyoka mkononi.

Lo! Lo! Lo!
Maji ya Mwadime yamekwenda wapi?

Bibi akambeba Mwadime kifuani. Saru akashika leso ya Bibi. Wakavuka barabara hadi zahanati. Chapu, chapu, chapu!

Pale walimkuta muuguzi aliyewajua vizuri. Jina lake Wakesho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, daktari! Mtoto analia na machozi hayatoki!"

Wakesho hakupoteza muda. Kwanza alimpima Mwadime kwenye mizani. Kilo nane. Pili, alimfinya ngozi ya tumbo, taratibu, kisha akaiachia.

Ngozi haikurudi upesi. Ilibaki imesimama kidogo. Halafu ikashuka... polepole... polepole.

Saru akajifinya mkono wake mwenyewe, kisha akauachia. Pap! Ngozi yake ilirudi papo hapo. Akalitazama tena tumbo la Mwadime. Macho yakamtoka.

Lo! Lo! Lo!
Maji ya Mwadime yamekwenda wapi?

"Yametoka," alisema Wakesho. "Mwili una maji mengi, Saru. Yamo kwenye damu. Yamo kwenye mate. Yamo kwenye machozi. Mtoto akiharisha, maji hayo hutoka. Yasiporudishwa, mtoto hukauka."

"Kama mchicha uliosahauliwa juani?"

"Kama huo. Sasa, Bibi, leo amekunywa nini?"

Bibi akatazama sakafu.

"Nimemnyima," alisema Bibi kwa sauti ndogo. "Nilidhani namponya."

Midomo ya Bibi ikatetemeka. Saru hakuwahi kuiona ikitetemeka. Hilo nalo likamshtua.

"Daktari, mume wangu atapona?"

"Tukianza sasa hivi, atapona," alisema Wakesho. "Na tangu leo, Bibi, sheria ni hii: maji yakitoka, maji yaingie."

"Maji yakitoka, maji yaingie," alirudia Saru.

Wakesho alinawa mikono kwa sabuni. Alimimina lita moja ya maji safi kwenye jagi. Alisoma maandishi ya pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini. Ndipo akamwaga unga wote ndani, akakoroga. Koro, koro, koro.

Saru akaonja tone moja. "Kuna chumvi! Kuna sukari!"

"Chumvi na sukari huyasaidia maji yaingie mwilini," alisema Wakesho. "Bibi, mpe kijiko kidogo kimoja kila dakika mbili. Usiharakishe. Saru, wewe utahesabu."

Saru akashtuka. "Mimi? Mimi najua kuhesabu hadi ishirini tu!"

"Basi ukifika ishirini, mimi nitakunja kidole kimoja," alisema Bibi. "Nawe utaanza upya."

Saa tano kamili wakaanza. Kijiko cha kwanza. Gudu! Kijiko cha pili. Gudu! Kijiko cha tatu...

Bwee! Mwadime akatapika.

"Lo! Yametoka tena!" alilia Saru. "Tuache?"

"Hatuachi," alisema Wakesho. "Tunangoja dakika kumi, halafu tunaendelea polepole zaidi. Maji yakitoka?"

"Maji yaingie!"

Wakangoja dakika kumi. Kijiko kilichotapikwa hakikuhesabiwa.

Kijiko cha tatu. Gudu! Kijiko cha nne. Gudu! Mwadime hakutapika tena.

Kumi na tisa. Ishirini! Bibi akakunja kidole cha kwanza.

Baadaye, ishirini nyingine. Bibi akakunja kidole cha pili.

Purrr! Mwadime akaharisha. Bibi akashtuka, kijiko kikasimama hewani.

"Bibi," alisema Saru, "maji yakitoka?"

Bibi akapumua. "Haya, mke mwenzangu. Maji yaingie." Kijiko kikaendelea.

Kidole cha tatu kikakunjwa. Kidole cha nne kikakunjwa. Mkono wa Bibi ulichoka, lakini haukuacha.

Ghafla, shuuu! Bibi akaruka kitini. Leso yake mpya ilikuwa imelowa chapachapa.

"Uwi! Mume wangu amenikojolea!"

Saru akaogopa kwamba Bibi angekasirika. Lakini Bibi alipiga vigelegele! Akavipiga mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakachungulia dirishani.

"Bibi, unashangilia mkojo?" aliuliza Saru.

"Ninashangilia, mke mwenzangu! Anikojolee na kesho!"

Wakesho naye alicheka. Kidole cha tano kikakunjwa. Bibi akasita kidogo ili akunjue leso yake, na kijiko kikachelewa. Mwadime hakupenda. Ngaaa!

Na kutoka jicho la kulia, kitu kikateremka shavuni. Kilimeta. Saru akakigusa kwa kidole.

Kilikuwa chozi.

Saru alishangaa tu, mdomo wazi.

Ilipofika saa tisa na robo, Wakesho alimfinya tena Mwadime tumboni, kisha akaachia. Pap! Ngozi ikarudi.

"Nyumbani mtaendelea kumpa," alisema Wakesho. "Kila akiharisha, anywe. Na uji apewe. Akilegea, mrudi hapa haraka."

"Atakunywa," alisema Bibi. "Naapa, atakunywa."

Mwadime alikuwa amesinzia mapajani pa Saru. Koo... koo... koo...

Wakesho akafungua daftari lake. "Saru, mhesabuji wangu. Amekunywa vijiko vingapi?"

Bibi akainua mikono yake. Mkono mmoja ulikuwa ngumi. Wa pili ulikuwa na kidole kimoja kilichokunjwa. Saru na Wakesho wakahesabu pamoja, taratibu, wasimwamshe Mwadime.

Ishirini. Arobaini. Sitini. Themanini. Mia moja.

Vijiko mia moja na ishirini.