Kiti cha Babu Evangelista

Shoga yangu Nereida hasimulii kisa hiki mpaka ashurutishwe. Alikwenda kwao, kwenye milima ya kahawa ya Cibao, kumpiga picha babu yake Evangelista ili ukoo ubaki na sura yake. Mchana ule alimkuta ameegemeza kiti ukutani, miguu ya mbele ya kiti ikiwa hewani. Hivyo ndivyo alivyokaa miaka sitini, tangu alipomuua ndugu yake kwa panga la kisogo wakigombea mpaka wa shamba.

"Babu, hapo pana giza. Utatoka kama gunia la mkaa."

"Bora gunia lenye ukuta mgongoni. Niache."

"Au una mchumba humo ukutani?"

Mzee akacheka, akakubali kusogezwa na kiti chake hadi katikati ya chumba.

Picha ya kwanza ilipopigwa tu, jikoni kusiko na mtu kulisikika chuma kikiburuzwa kwenye saruji, taratibu, kikija. Mzee akaacha kucheka.

"Nirudishe ukutani, mjukuu wangu."

"Moja tu, ya mwisho."

Taa ya kamera ilimulika, na papo hapo ukasikika mpasuko kama wa dafu. Babu alianguka kifudifudi, kisogo wazi, damu ikamrukia Nereida mpaka mdomoni. Chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Panga la mzee lilikuwa kwenye msumari wake, kavu.

Picha ile ya mwisho anayo hadi leo. Babu yuko peke yake katikati ya chumba, mbali na ukuta, na kiti chake kimeegemea nyuma, miguu ya mbele iko hewani.